Jiko Moja kwa Lundo la Mabibo

Siku jiko lilipoletwa katika kijiji cha Nambwinda, walikuwapo watu watano na mtoto mmoja: Mzee Namtumba, mwenyekiti wa kijiji; fundi wa majiko kutoka mjini, kitambaa puani; Shaweji, kibarua wa mikorosho; Bibi Tabia, mjane; na Siwema, aliyembeba mwanawe Zulfa mgongoni. Nzi hawakualikwa, lakini walikuwa wengi kuliko watu. Kama kuna anayekula hapa, amalize kwanza, maana hadithi hii inanuka.

Mnajua korosho inavyovunwa. Mtu huokota bibo, lile tunda la mkorosho, akanyofoa korosho, bibo akalitupa. Nambwinda waliyatupa nyuma ya zahanati, hadi likawa lundo la kimo cha mtu. Juu lilitoa povu, chini lilichuruzika maji ya rangi ya kutu, na katikati lilitikisika lenyewe kwa wingi wa funza. Wanawake waliojifungua pale walinyonyesha wameziba pua.

Fundi alikuwa amekuja mwanzoni mwa msimu akasema kwamba ndani ya uchafu ule mna spiriti, na spiriti huwaka bila moshi. Wakipata dumu moja tu la spiriti inayowaka, ataacha jiko. Atapewa yule ambaye bila yeye spiriti isingepatikana.

Siwema alilitaka jiko lile kuliko kitu chochote duniani. Zulfa alikuwa na miezi kumi na mmoja na alikohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Nesi alimwambia amtenge mtoto na moshi wa kuni. Lakini chumba chake ni kimoja, na mafiga yako humo humo.

Basi sikilizeni vipawa vyao.

Shaweji hakuwa na pua. Pua ya uso alikuwa nayo. Harufu ndiyo hakuijua, tangu alipougua surua utotoni. Vijana walipolikaribia lundo walirudi mbio. Yeye aliingia hadi magotini, akachota kwa mikono, akakamua mapipa matatu ya maji ya mabibo, funza wakimtambaa viwikoni. Hakuna aliyekaa naye wakati wa kula. Siwema aliona jambo moja ambalo wengine hawakuliona: kabla ya kupita mlangoni kwake, Shaweji alikuwa akioga mara tatu, halafu anasimama mbali na kumuuliza, “Dada, bado nanuka? Mimi sijui.”

Siwema naye alikuwa na pua kupita kiasi. Maziwa yakitaka kuchacha, yeye alijua tangu jana yake. Maji ya mabibo yakiwahiwa hayana spiriti. Yakichelewa yanakuwa siki. Pipa la kwanza liliharibika hivyo. Ndipo Siwema akaitwa, na kila alfajiri akainamisha uso juu ya mapipa mawili yaliyobaki, juu ya utando mweupe na nzi waliozama. Alitapika, akasukutua, akarudi kunusa. Asubuhi ya sita alisema, “Haya yote leo. Kesho hayafai.” Na kweli, kikombe walichokiacha kwa kujaribu kilikuwa siki kesho yake.

Bibi Tabia alijua moto. Kwa miaka thelathini alipika nipa kwa siri, pombe kali ambayo serikali imeikataza, na kila mtu alijifanya hajui. Sasa alilazimika kuutoa mtambo wake mchana, mwenyekiti akiangalia. Uji ule uliooza ulipotokota, ulitoa mvuke wa kuchefua uliowakimbiza hata mbuzi. Yeye alibaki, macho mekundu yakimtoka machozi, akipunguza ukuni mmoja mmoja ili usiungue. Alipomwona Siwema anayumba, alivunja jani la mlimau akamfungia kwenye ncha ya khanga yake, karibu na pua.

Dumu lilijaa. Fundi akamimina, akawasha kiberiti. Jiko likalia fsss, likazima. Akawasha tena, likazima.

“Mmeniletea maji,” akasema fundi.

Bibi Tabia aliinama. Alikuwa ameongeza maji, kama alivyozoea kuwaongezea wateja wake ili kila mmoja afike nyumbani kwa miguu yake. Hakuna aliyemtukana. Alilirudisha dumu lote mtamboni, akalipika mara ya pili, na ilipofika alasiri mwali wa buluu ulisimama juu ya jiko, hauna moshi hata chembe. Zulfa alijipenyeza begani kwa mama yake akautazama. Hakukohoa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, na yalinuka kuliko lundo.

“Bila mikono yangu mngepika nini?” Shaweji akauliza.

“Mwanangu, wewe spiriti ikivuja utaijuaje?” Bibi Tabia akamjibu. “Utalala nayo hadi ikuunguze.”

“Na wewe tukikupa, bibi, utapikia nini humo?” Shaweji akamrudishia. “Tunakufahamu.”

Mwenyekiti alicheka, kisha akasema Siwema alikuja kunusa tu, na kunusa si kazi. Siwema akamjibu taratibu kwamba pipa lililooza bila yeye lilikuwa pale, akitaka akalinuse mwenyewe.

Lakini moyoni alikereka, na kilichomkera zaidi ni yeye mwenyewe. Alikuwa karibu kusema kwamba Shaweji hana mtoto wa kumlinda na moshi, na kwamba macho ya Bibi Tabia yamekwisha kuharibika, jiko litayasaidia nini. Maneno yalimfika ulimini, yakiwa machungu kama matapishi. Akayameza. Mgongoni Zulfa alianza tena kukohoa, kwani jirani alikuwa amewasha kuni.

Jiko ni moja, wasikilizaji wangu. Bila aliyechota, hakuna pipa. Bila aliyenusa, ni siki. Bila aliyepika, ni uji wa funza. Na msiniambie mtampa mwenye mtoto kwa kumhurumia, maana fundi hakuuliza nani anahitaji. Au je, alipaswa kuuliza hivyo? Wewe ungekuwa mwenyekiti, ungemkabidhi nani?

Mzee Namtumba hakuamua siku ile. Jiko lilikaa ofisini kwake siku nane, na siku zote hizo wote watatu walipika kwa kuni.