Kawa ya Mtungi wa Mtindi

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kandokando ya mto Furati aliishi mwanamke mcha Mungu akiitwa Bi Unaisa, pamoja na mumewe Hudair, mshona viatu. Bi Unaisa alisifika kwa mikate. Wenziwe walikandia maji, yeye alikandia mtindi, yale maziwa machachu yanayobaki baada ya kusukwa na kutolewa siagi. Mikate yake midogo ya mviringo ilitoka tanurini laini, hata kibogoyo aliila bila kusumbuka.

Mwaka huo Ramadhani iliingia Hudair akiwa gerezani. Kosa lake ni kwamba alikataa kumtolea jirani yake ushahidi wa uongo, na uongo huo aliutaka Amiri Shabib mwenyewe. Na Amiri huyo, Mungu atuepushe na mfano wake, alikuwa mtu wa ghadhabu. Watu wakipita mbele ya jumba lake, hata kukohoa walikohoa kwa adabu. Alikwisha kuapa kwamba mwezi wa Idi ukiandama, Hudair atapelekwa kwenye ngome ya jangwani. Wengi walikwenda huko, na hakuna aliyerudi.

Palibaki mlango mmoja tu wa matumaini. Mama yake Amiri, Bibi Maisuna, alikuwa mkongwe asiye na jino kinywani, na vyakula vya jumbani vilimshinda kutafuna. Akawa anafunga kutwa na kufuturu uji. Bi Unaisa akapeleka ombi ampikie mikate yake, na jibu la Amiri likarudi: "Mpikie kesho. Mkate ukimpendeza mama yangu, mumeo ni wako. Usipompendeza, usije kunililia."

Jioni hiyo Bi Unaisa alisuka maziwa, akaujaza mtindi mtungini. Kila siku mtungi ule hufunikwa kwa kawa aliyoisuka mwenyewe kwa ukindu. Lakini kawa haikuwapo. Alikuwa ameifunikia chakula alichompelekea Hudair gerezani, na walinzi hawakuirudisha. Nasi tumefundishwa kufunika vyombo vyetu, na asiye na kifuniko alaze japo kijiti. Masikini Bi Unaisa, kwa mawazo aliyokuwa nayo, hata kijiti hakukilaza.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, aliteka mtindi kwa upawa akautia katika unga wa ngano, pamoja na hamira na chumvi. Akakanda huku machozi yanamlengalenga, mpaka donge likaacha kumganda vidoleni. Akalifunika kwa kitambaa chenye majimaji, likaumuka vizuri kabisa. Mikate ikaiva, akaipaka samli, nyumba nzima ikanukia. Alasiri akaja mtumishi wa Amiri na kapu, akaichukua yote.

Bi Unaisa akashusha pumzi, akaenda kuosha mtungi. Alipouinamisha ili amwage masalio, kikadondoka kitu cheusi sakafuni, pu! Alikuwa panya, amekufa na kufura.

Akakaa chini palepale. Najisi! Na mikate iko mbele ya mama yake Amiri, inangoja adhana! Jirani yake Bi Buthaina, aliyekuwa amekuja kuomba moto, akamkuta hivyo, akamwona na yule panya sakafuni, akaelewa yote.

"Nyamaza, dada yangu," akamnong'oneza. "Mtupe huyo, umfukie. Nani atajua? Usilolijua ni usiku wa kiza."

"Mimi nimekwisha kulijua, dada. Kwangu kumekucha."

"Hudair je? Unataka kumpeleka jangwani kwa ajili ya panya?"

Neno hilo lilimchoma. Bi Unaisa aliogopa, tena aliogopa sana. Akaona kama tayari anasikia minyororo ya mumewe ikiburutwa mchangani. Akawaza kunyamaza. Ndiyo, aliwaza, na tusimsingizie kwamba hakuwaza. Kisha akamkumbuka Hudair mwenyewe. Mtu yule aliingia gerezani kwa kukataa uongo mmoja. Leo yeye amtoe kwa uongo mwingine, kisha amtazame vipi usoni?

Akajitanda buibui lake, akatoka mbio. Jua lilikuwa limekwisha kuinama juu ya mitende. Kila mnara alioupita aliutazama kwa hofu, asije muadhini akamtangulia. Langoni walinzi wakamzuia, naye akapiga ukelele, "Chakula cha Bibi kina najisi!" Wakamkokota hadi ukumbini.

Bibi Maisuna alikuwa ameketi, mkate uko mkononi, anaunusa kwa raha. Bi Unaisa akaanguka mbele yake.

"Bibi yangu, usiule! Nimekuta panya amekufa katika mtindi nilioukandia. Sikujua. Wallahi sikujua mpaka mikate ilipokwisha kuondoka."

Amiri akasimama polepole. "Ungenyamaza," akasema, "mumeo angelala nyumbani leo."

"Angelala, ewe Amiri. Lakini mimi nisingelala."

"Huniogopi?"

"Nakuogopa hadi meno yananigongana, kama unavyoona. Lakini kuna Mmoja ninayemwogopa zaidi."

Amiri akanyoosha mkono kuwaita walinzi. Hapo Bibi Maisuna akauweka mkate chini.

"Shabib, mwanangu. Tangu ukalie kiti hicho, kila ninacholetewa naambiwa ni kizuri. Maji ya chumvi naambiwa ni matamu. Nami naitikia, kwa kuwa nakuogopa. Mimi niliyekuzaa, nakuogopa! Leo amekuja mtu humu akasema kweli huku anatetemeka. Ukimwadhibu huyu, nani tena ataniambia kilichomo chunguni?"

Mkono wa Amiri ulibaki hewani, kisha ukashuka. Adhana ya magharibi ikalia. Akachukua tende na maji akamfuturisha mama yake kwa mkono wake. Ndipo akaagiza gereza lifunguliwe.

Hudair alitoka amekonda, ndevu zimemjaa usoni, na kwapani amebana kitu. Mkewe alipomkaribia, akakitoa. Ilikuwa ile kawa.

"Niliwaomba walinzi wakurudishie, wakanicheka," akasema. "Nilikuwa na hofu usiku kucha, mke wangu. Nilijua mtungi uko wazi."

Bi Unaisa akaipokea, akalia mpaka akacheka.

Enyi ndugu, funikeni vyombo vyenu. Lakini mkisahau, na likaanguka la kuanguka, msilifunike hilo. Mja huogopa, na kuogopa si dhambi. Tumwombe Mola atujaalie hofu ya kutupeleka mbio kwenye kweli kabla ya adhana. Amin.