Chungu Kisichorudi Kitupu

Haya, sogeeni mnisikilize! Bi Kidawa alikuwa mjane asiye na kitu, na jirani yake alikuwa zimwi. Asubuhi moja zimwi likamletea chungu cha uji. Hukatai chakula cha jirani, wala humrudishii chombo kitupu, na nyumbani hamkuwa na hata punje ya mtama.

"Basi nitilie miaka yako kumi," likasema zimwi.

Akatia, akaota mvi. Likaleta cha pili, mgongo ukapinda. Likaleta cha tatu, meno yakang'oka.

Bi Kidawa akachimba udongo. Siku saba akafinyanga chungu chake mwenyewe, akatia uzee wake wote, akafunika, akapeleka.

Zimwi likafunua, likachakaa pale pale.

"Chungu hiki ni changu, jirani," akasema Bi Kidawa. "Usikirudishe kitupu. Mimi sina haraka."