Makopo ya Maua Kaburini

Wapendwa, leo sikuja na maneno matamu. Nisikilizeni hivyo hivyo.

Kulikuwa na mama mmoja aliyefiwa na mwanawe kwa homa ya dengi. Alimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba, kama ilivyo desturi ya kwao. Juu ya kaburi akapanga makopo ya maziwa, akayajaza maji, akachomeka maua. Kila alasiri alikaa pale na binti yake mdogo, ndiye pekee aliyebaki. Maua yakinyauka aliyabadilisha. Maji hakuyamwaga, aliongeza tu. Nani kati yenu angemlaumu? Aliyefiwa atafanya nini kingine?

Siku moja akapita bwana afya. Akachungulia kopo, akaona viluwiluwi wanacheza.

"Mama, pole sana. Lakini maji haya yanazalisha mbu wa dengi. Tuyamwage, tusugue makopo, tutie mchanga uliolowana. Maua yatasimama vizuri tu."

"Mchanga?" mama akasema. "Mwanangu nimeshamfukia kwa mchanga. Na maua yake nayo niyafukie?"

"Una binti, mama."

"Binti yangu analala ndani ya chandarua."

"Hapo umefanya vyema. Ila mbu huyu huuma mchana. Saa hizi hizi mnapokaa hapa."

"Nenda, baba. Niachie kaburi la mwanangu."

Bwana afya akaenda zake. Haukupita muda, binti akashikwa na homa, macho yanamuuma, viungo vinamvunjika. Kisha homa ikashuka. Mama akamshukuru Mungu, asijue kwamba dengi huweza kuwa mbaya zaidi homa inaposhuka. Tumbo likamkata mtoto, akatapika mfululizo, fizi zikatoka damu. Walipopata usafiri wa kwenda hospitali, mikono yake ilikuwa imeshapoa. Hakufika.

Siku ya maziko, waumini wenzake walikuja na maua. Wakayachomeka kwenye makopo, wakajaza maji. Yule mama alipoyaona, aliyapiga teke moja baada ya jingine.

"Mwageni!" alilia. "Mwageni hayo maji!"

Mnajua walifanya nini? Walimshika mikono. Wakasema, maskini, uchungu umempanda kichwani. Mwanakwaya mmoja akayaokota makopo, akayajaza tena, kwa heshima kabisa. Na watoto wao walikuwa wamesimama palepale.

Msiniulize kijiji hicho kiko wapi. Ni hapa. Watu hao ni sisi. Asubuhi hii nimepita kwenye nyua zenu nikija kanisani. Nimeona ndoo isiyo na mfuniko, tairi lenye maji ya mvua, vifuu vya nazi vimetupwa nyuma ya jiko. Kila kimoja kina mwenyewe, na mwenyewe yumo humu ndani, amevaa vizuri. Nimesema mwaka jana, nimesema mwaka huu, na kwa kweli nimekata tamaa. Kulia tunajua. Kuchanga rambirambi tunajua sana. Kumwaga maji ya kopo ndiko kunakotushinda.

Mtoto gani tunamsubiri safari hii? Wa kwako, au wa jirani?

Mnaona nimefunga kitabu. Sitaomba bado. Tokeni, mkamwage, mkasugue vyombo, mkafunike mapipa. Mkirudi ndipo tutasali, kama tutakuwa na uso wa kusali.