Tembo Lililogeuka

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, palikuwa na bibi mmoja, Bi Mwanapili, mgonjwa wa kitandani, aliyekataa kila chakula. Uji hataki, supu hataki. Alitaka kitu kimoja tu: asali ya tembo la mnazi, ile ya kuchemshwa nyumbani mpaka iwe nzito, achovye mkate. Watoto wake wawili, Faki na dada yake Mafunda, wakafurahi kwamba angalau mama ameomba kitu.

Wakafurahi, kisha angalieni walivyofanya.

Faki alikuwa mgema. Alfajiri akaupanda mnazi wa uani, akashusha tembo tamu kibuyu kizima, akasema mnazi umechoka, hakuna jingine mpaka utoe karara jipya la kugemwa. Akalimimina sufuriani, akamwita Riziki, mkamwana wa Mafunda, mke wa mwanawe, alinde moto. "Likigeuka, epua," akamwambia, na huyo, akaenda zake kulala.

Likigeuka. Alimaanisha rangi: likiwa jekundu kama chai ya rangi, basi. Lakini rangi hakuitaja. Mdomo ulikuwa mzito kuongeza neno moja.

Riziki naye alitoka nyumba ya wauza tembo kali. Kwao, tembo likigeuka maana yake limechacha. Basi akakaa kunusa. Ananusa, tamu. Anachochea kuni. Ananusa, bado tamu. Rangi anaiona inavyokwenda, nyekundu, kahawia, na macho anayo mawili mazima, lakini yeye anangoja uchachu. Hivi tembo linalochemka litachachaje? Hakuuliza mtu.

Na Mafunda, mwenye nyumba? Alikuwa na sufuria nzito, nene chini, ya kupikia asali hasa. Kaificha uvunguni isipate masizi, eti ni ya shughuli. Akatoa kisufuria chepesi kilichobonyea, kinachounguza hata maji. Ndiyo, nimesema maji.

Likaungua. Likashika chini, jeusi, chungu, hata kuku hawakusogea.

Wakaanza kurushiana maneno. Faki akasema yeye kapanda na kushuka, kahatarisha shingo yake, sasa alinde na moto? Riziki akasema, "Mjomba, uliniambia likigeuka. Mimi nimengoja ligeuke." Mafunda akaapa kwamba hata kwenye sufuria nzito lingeungua tu, ila taratibu. Wananichosha watu hawa, maana kila mmoja, ukimsikiliza, ana chembe ya haki.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, dhaifu, lakini ina hamu ambayo hawakuisikia siku nyingi. "Wanangu, naisikia harufu. Nikae kitako?"

 Faki akamtazama Riziki, Riziki akamtazama Mafunda, Mafunda akatazama chini. Huko ndani wakasikia kitanda kinalia, bibi anajiinua mwenyewe.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, nijibuni: kati ya hao watatu, nani alistahili kuingia akamwambie?