Mwanga Katika Kichupa cha Tano

Hii nimeletewa, nami nimeona ni choyo kubaki nayo. Isome, kisha mpe na mwenzio.

Tumsifu Mlaki, mtaalamu wa maabara, alikaa miaka sita akitengeneza kipimo kimoja tu. Ndani yake mlikuwa na chembechembe ndogo mno, maelfu yake yangeenea kwenye upana wa unywele mmoja. Moyo ukiumia, huvujisha protini fulani kwenye damu. Chembe zile zikiinasa hutoa mwanga wa kijani, hata protini ikiwa haba namna gani. Wenzake walimtania, eti anafuga vimulimuli.

Siku ya majaribio ikafika. Akishindwa, mradi unafungwa na chumba chake wanapewa wengine.

Profesa Ngwale, mkuu wa maabara, aliweka vichupa vitano vya damu mezani. Vinne vilitiwa protini ile. Cha tano kilikuwa damu ya mtu mwenye afya, maana desturi yao ni mmoja wa wafanyakazi kutoa damu yake ya kulinganishia.

Vichupa vinne vikawaka. Cha tano nacho kikawaka, hafifu, lakini kikawaka.

Profesa akatabasamu. "Bi Mlaki, kinachowaka kila mahali ni tochi, si kipimo."

Watu wakacheka. Rafiki mmoja wa Tumsifu akamnong'oneza, "Sema umeme uliyumba. Andika cha tano hakikuwaka, yaishe."

Tumsifu aliogopa, tusidanganyane. Lakini alikijua kipimo chake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Akapiga moyo konde.

"Nimeona mwanga, nitaandika mwanga," akasema.

Akapima maji matupu, giza. Akapima damu yake mwenyewe, giza. Akarudia kichupa cha tano mara tatu, na mara zote tatu kikawaka.

"Samahani, Profesa. Damu hii ni ya nani?"

"Ni yangu," Profesa akajibu. "Nimeitoa leo asubuhi. Mimi ni mzima, siumwi hata kichwa."

"Basi kwa heshima zote, mzee wangu, nenda hospitali sasa hivi. Mimi unifukuze ukirudi."

Alikwenda akinung'unika. Madaktari walimlaza siku hiyohiyo. Mshipa wa moyo ulikuwa karibu kuziba, na wakamwambia kwamba asingekwenda, wiki ile asingeimaliza.

Mwezi mmoja baadaye alirudi, amekonda, akasimama mbele ya wafanyakazi wote.

"Binti yangu," akamwambia Tumsifu, "mimi nilitaka uniambie nilichokuwa nakijua. Wewe ukaniambia nilichokuwa sikijui, na ndiyo maana nimesimama hapa."

Machozi yalimtoka Tumsifu, na hakuyaficha, maana yalikuwa ya fahari.

Funzo: Ukiwa umeifanya kazi yako kwa uaminifu, usibadili ulichokiona ili kumridhisha mkubwa. Huenda ukweli anaoucheka ndio utakaomwokoa.