Kwa Nini Muhuri Una Ada

Nyinyi mnaosonya mbele ya dirisha la mihuri, mkiuliza tone la wino linalipiwa nini, tulieni niwaeleze. Hapo kale muhuri ulipigwa bure. Karatasi ya ndoa, ya shamba au ya uzazi haikuaminika ng'ambo ya mto mpaka iwe na muhuri wa Jumbe, mtawala wa mji, na mshika muhuri, mzee mmoja aliyeitwa Chande, hakutoza hata punje.

Mwandishi wa karatasi hizo alikuwa Mfaume, mwenye mwandiko wa kutamanisha. Watu walimpelekea kuku na ndizi, wakatoka kwake wakizisifu herufi. Kwa Chande walinyoosha karatasi tu, akagonga, wakaenda zao. Wivu ukamkaa kooni. Alikonda, nasema kweli, mtu mzima na mvi zake akakonda kwa kuku wa mwenziwe. Akaanza visa. Aliyemsifu Mfaume mbele yake aliambiwa wino umekauka, arudi kesho. Mwenye ulimi wa asali kwa Chande aligongewa papo hapo.

Ndipo akaja Mwanamize. Mumewe alisafiri na binti yao mdogo, akafia ng'ambo, na mtoto akachukuliwa na wafugaji wa huko. Walimtumia mama salamu: alete karatasi ya uzazi yenye muhuri kabla hawajahama na ng'ombe, atakabidhiwa mwanawe.

"Tazama, baba, Mfaume alivyoliandika jina la mwanangu," alisema, machozi yakimlenga.

"Wino umekauka, mwanangu," Chande akajibu. "Rudi kesho."

Alirudi siku tatu mfululizo. Siku ya nne akagongewa, akavuka mto, akakuta majivu baridi na nyayo za ng'ombe. Alimtafuta binti yake miaka mingi, hakumpata.

Jumbe alipopata habari alimwita Chande barazani, Mwanamize akiwapo na karatasi yake.

"Ulimdai nini mama huyu?"

"Sikumdai kitu, Jumbe. Nilitaka na mimi nisifiwe."

Jumbe aliichukua ile karatasi, akasema, "Bure yako imemgharimu mama huyu mtoto wake. Kuanzia leo muhuri ni kibaba kimoja cha mtama, kwa tajiri na kwa maskini, na mtama huo ni wa ghala la mji. Mtu akishatoa, gonga hapo hapo, akupende asikupende."

Na tangu siku hiyo ada ya muhuri hupangwa na serikali, hubandikwa ukutani kila mtu aione, na mshika muhuri hana ruhusa ya kuipandisha wala kuishusha kwa chuki zake. Kwa hiyo toeni, mpewe stakabadhi, mgongewe. Tone la wino halina thamani hiyo, najua. Lakini Mwanamize aligongewa bure.