Gogo, Kijiti na Tundu la Masika

Paukwa!

—Pakawa!

Mbona sauti nyembamba hivyo, hamjala? Paukwa!

—Pakawa!

Palikuwa na nini?

—Palikuwa na bakuli!

Aliyelililia nani?

—Mwenye njaa!

Na aliyelichungulia?

—Mwenye wivu!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni. Wewe Riziki, chomeka muhogo wako motoni, kisha utulie. Mkisinzia nanyamaza, na nikinyamaza naenda kulala na hadithi yangu.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama waliposema na watu wakasikia, palikuwa na mrina asali jina lake Ngoda. Ngoda alikuwa na wake wawili. Mkubwa aliitwa Masika, mdogo aliitwa Chiku. Masika hakuwa mtu mbaya, nasema mapema msije mkamtukana. Alipika vizuri, alilima vizuri, alicheka vizuri. Ila alikuwa na wivu. Wivu, jamani! Chiku akisuka nywele, Masika anaumwa kichwa. Chiku akisifiwa mchuzi, Masika usingizi hauji.

Kila mke alikuwa na shamba lake la mahindi, yamepakana, kando ya msitu. Na msituni walikaa nyani. Si nyani wawili watatu, ni ukoo mzima, na mkubwa wao mzee mwenye kidevu cheupe. Mwaka uliopita nyani ndio waliovuna. Watu walikula mizizi.

Basi Ngoda alipokuwa anafunga mzigo kwenda kurina asali nchi ya mbali, akawaita wake zake.

"Kila mmoja ana shamba lake. Kila mmoja atafute mbwa wake. Nyani wakiingia tena mwaka huu, tutakufa njaa. Haya, kwaherini."

Akaenda zake. Wanaume ndivyo walivyo, neno moja kisha mgongo.

Ng'ambo ya mto aliishi mbwa jike, rangi yake ya tumbaku, na jina lake hilohilo, Tumbaku. Kwa watu wale mbwa hanunuliwi. Unakwenda na chumvi kiganjani, mama mtu anailamba, akiimaliza amekukubali, unabeba mtoto. Wanawake wakavuka mto, chumvi ikalambwa, viganja vikabaki vitupu. Watoto walikuwa wawili. Mmoja mnene mwenye kichwa kikubwa, mmoja mwembamba mwenye masikio tu.

Masika akachagua kwanza, ndiye mkubwa. Akambeba mnene, akamwita Gogo. Chiku akabaki na mwembamba, akamwita Kijiti.

Tumbaku akasema, "Wake wa Ngoda, nisikilizeni. Mtoto wa mbwa hulishwa kidogo kidogo, mara kwa mara. Mpeni uji wa ulezi. Mpeni dagaa waliotwangwa. Tumbo likijaa, ondoeni bakuli. Mfupa asiuone mpaka meno ya utoto yang'oke. Na kila mmoja amtazame wake. Siku meno yatakapoanza kung'oka, nitakuja kuwaona wanangu."

"Tumesikia, mama," wakasema wote wawili.

Alisikia mmoja.

Sasa, kati ya nyumba ya Masika na nyumba ya Chiku palikuwa na ua wa mabua, na katika ua palikuwa na tundu. Nani alilitoboa? Mimi sikuwepo, lakini lilikuwa saizi ya jicho la Masika.

Asubuhi Chiku akapika uji wa ulezi. Akaupoza, akatia kidole kuujaribu, akaweka nusu bakuli. Kijiti akala, tumbo likajaa, Chiku akaondoa bakuli. Basi. Masika akiwa tunduni anaona.

"Alaa! Wa mwenzangu anakula uji? Basi wangu atakula mara mbili, na mafuta juu!"

Akapika chungu kizima, akakiweka mbele ya Gogo. Gogo akala, akashiba, akainua kichwa, akaimba:

*Mama Masika, mama Masika,*
*tumbo langu si ghala.*
*Nimeshiba mimi, jicho lako bado,*
*tumbo langu si ghala.*

Semeni nanyi!

—Si ghala!

"Kula wewe!" akasema Masika. "Unataka yule mwembamba akupite?"

Gogo akala. Alimpenda mama yake, afanyeje? Akanenepa, akarefuka kwa pupa. Watu wakipita njiani wanasema, "Loo, Masika, huyu si mbwa, huyu ndama!" Na Masika moyo wake ukaburudika kama aliyekunywa maji ya mtungini.

Siku zikapita. Chiku akatwanga dagaa, akachanganya na uji, konzi moja tu. Kijiti akala, tumbo likajaa, bakuli likaondolewa. Masika yuko tunduni.

"Alaa! Wa mwenzangu anakula dagaa? Basi wangu atakula nyama, na mifupa yake!"

Akakamata jogoo, akamchinja. Kesho yake akachinja mwingine. Gogo akapewa nyama, akapewa ngozi, akapewa mifupa, na meno yenyewe bado ya utoto. Akashiba, akaimba, na sauti yake ilikuwa imepungua:

*Mama Masika, mama Masika,*
*tumbo langu si ghala.*
*Nimeshiba mimi, jicho lako bado,*
*tumbo langu si ghala.*

—Si ghala!

"Kula wewe! Yule anarefuka!"

Gogo akala. Mwili ukawa mkubwa, mifupa bado michanga. Miguu ikashindwa kubeba mzigo, ikaanza kupinda, huu huku, huu kule. Chiku akaona. Akazunguka ua, akapiga hodi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Dada, usinielewe vibaya. Gogo anaota matege. Mpunguzie chakula."

Masika akasimama, mikono kiunoni. "Eeeh! Inakuuma, siyo? Wangu amempita wako, ndiyo inakuuma! Nenda kalishe ufagio wako!"

Chiku akarudi kwake. Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa, watoto, aliyekataa kusikia ni mmoja, na guu lililopinda ni la mwingine. Hilo ndilo linalonikera mimi kila nikiisimulia hadithi hii.

Siku zikapita tena. Nyani mmoja akatumwa kupeleleza mashamba. Akatia mguu kwa Chiku. Kijiti akabweka, akamtoa mbio mpaka mwanzo wa msitu. Kijiji kizima kikamsifu. "Umemwona mbwa wa Chiku? Mdogo vile, na mkali!"

Masika akasikia. Akaingia ndani, akajifungia mlango, akalia. Alilia kwa wivu, machozi ya kweli, mpaka kanga ikalowa. Akamtazama Gogo amelala kama gunia, habweki, hakimbii.

Na hapa ndipo watu wa kwetu walipokosea, wengine mpaka leo wanakosea. Wanaamini mbwa akilishwa pilipili na nyigu, atakuwa mkali kama pilipili, atauma kama nyigu. Mbwa mkubwa analia nayo, sembuse mtoto!

Masika akatwanga pilipili kichaa. Akatwanga nyigu. Watu hutia kidogo, yeye akatia mara mbili. Akavuruga katika uji, akauweka mbele ya Gogo. Gogo akaunusa, machozi yakamtoka. Akaimba, sauti inakatika:

*Mama Masika... mama Masika...*
*tumbo langu...*

Nanyi mbona mmenyamaza?

—Si ghala!

Ndiyo, si ghala. Lakini Masika alisema, "Kula, mwanangu, uwe kama yule." Gogo akala kwa kuwa ameambiwa na mama yake. Akatapika. Akaanguka. Akalala ubavu, ulimi nje.

Asubuhi ileile jino la kwanza la Kijiti liling'oka. Na asubuhi ileile nyani mzee mwenye kidevu cheupe alipanda juu ya mti, akatega sikio. Kwa Chiku akasikia mbwa. Kwa Masika akasikia kimya.

"Wanangu," akasema, "leo tunakula kwa Masika."

Wakashuka, ukoo mzima. Wakaingia katika mahindi, pwaa! wanavunja, wanatafuna, wanatupa. Masika akatoka mbio. "Gogo! Gogo, amka! Chakula chetu cha mwaka kinakwisha! Amka, mwanangu!"

Gogo akamsikia. Akasimama, akaanguka. Akasimama, akaanguka. Akasimama tena, miguu ikaachana huku na huku, akaanguka kifudifudi mbele ya miguu ya Masika. Masika akapiga magoti, akamkumbatia. Mahindi yanaliwa, mtoto anakufa, hajui ashike lipi. Akapiga yowe.

Chiku hakuuliza. Akapaaza sauti, "Kijiti, ruka ua! Liache shamba letu!"

Kijiti akaruka ua, mwepesi, miguu imenyooka. Akaingia katika mahindi ya Masika, akamdaka nyani mzee mkia. Nyani mzee akalia, ukoo wake ukasikia mkubwa analia, wote wakatimua mbio. Nusu ya shamba ilikuwa imeliwa. Nusu ikapona.

Vumbi lilipotulia, Tumbaku alikuwa amesimama uani, manyoya bado yanachuruzika maji ya mto. Akamnusa Kijiti, akatikisa mkia. Akamnusa Gogo, mkia ukaanguka.

"Chumvi yako, Masika, nimeshailamba, siwezi kuitapika," akasema. "Lakini mwanangu nitamchukua."

"Usimchukue!" Masika akalia. "Nilimpa kila kitu! Waulize majirani! Nilimpa kila kitu!"

"Ulimpa kila alichopewa mwenzake, mara mbili. Chake hukumpa. Kila siku alikuimbia kwamba ameshiba. Ulimsikia?"

Masika akageuka, akalitazama tundu. Alikumbuka kwamba wimbo ule kila ulipoimbwa, yeye alikuwa tayari amerudi tunduni.

Gogo akainua kichwa kidogo. "Mama Tumbaku, niache hapa. Mkono wake ni mzuri. Kibaya ni lile tundu."

Tumbaku akafikiri, akafikiri, akafikiri. Kisha akasema, "Basi lizibwe, nami nikiona."

Masika hakutuma mtu. Alikanda udongo kwa mikono yake, akaliziba tundu akilia. Siku ile akapika uji mwepesi wa ulezi, akaupoza, akatia kidole kuujaribu. Akaketi chini, akamlisha Gogo kidogo kidogo, macho kwenye tumbo la Gogo. Tumbo likajaa. Akaondoa bakuli. Ndipo Tumbaku akavuka mto kurudi kwake.

Gogo akapona. Unene ukamtoka, akabaki saizi yake. Lakini matege hayakunyooka, watoto, siwadanganyi. Yameshaota, yameota. Kukimbiza nyani hakuweza maisha yake yote. Ila kwa kuwa alikuwa analala shambani sikio chini, alisikia nyani wangali mbali. Gogo akibweka, Kijiti anakimbia. Mashamba mawili yakawa na mbwa wawili, na ikabidi Masika na Chiku wawe wanazungumza, wapende wasipende.

Ngoda akarudi na asali yake. Akaona mahindi darini, akashangaa.

"Mbwa wa nani ameyaokoa haya?"

Masika akafungua kinywa aseme "wangu." Akakifunga. Wivu hauishi siku moja.

Chiku akasema, "Wetu."

Masika akamtazama mke mwenzake. Akasema, taratibu, "Wetu. Na wa Chiku ndiye anayejua kukimbia."

Lilimtoka kwa shida neno lile, kama mwiba. Lakini lilitoka.

Hadithi imefika hapo, nami sisogei tena. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chungu, itemeni mlale. Mafunzo yake ni haya: anayekua, awe mbwa awe mtu, alishwe kwa kutazamwa tumbo lake. Ukimlisha mwanao huku unachungulia bakuli la jirani, hujamlisha mwanao, umelisha jicho, na jicho halina shibe.

Mimi nilipita kwao wakati ule, wakanipa uji. Dagaa wakampa mbwa!

Na wewe Riziki, nimekuona tangu mwanzo. Unautazama muhogo wa dada yako kama ndio mkubwa kuliko wako. Wako unaungua.